Waya Ulioelekea Kanada

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo kuhusu redio ya ridhaa. Nimekaa na ombi lenu tangu mvua za masika, nikiutafuta huo moyo wa kuwatia. Niliupata kidogo tu, nikaona niubakize kwa matumizi yangu mwenyewe. Kwa hiyo nitawasimulia yaliyonipata, nanyi mtajitia mnachoweza.

Kwa kazi nilikuwa fundi wa redio za mawasiliano, zile za walinzi na za magari ya kusambaza mikate. Nilisomea fizikia chuo kikuu, jambo ambalo mke wangu Rosa hulitaja kila paa letu linapovuja. Redio zilizonilipa mshahara zilifika Athi River zikijitahidi. Redio iliyonila maisha ilikuwa nyingine: ile ya kuzungumza na mtu aliye ng'ambo bila kampuni, bila setilaiti, kwa waya na subira tu. Na ndani ya ugonjwa huo nilichagua ugonjwa mbaya zaidi, bendi ya chini, ambako wimbi moja lina urefu wa mita mia moja na sitini, uwanja mzima wa mpira na nusu ya mwingine.

Wenye akili hutumia mawimbi mafupi. Hayo ni kama watoto wa shule kengele ikilia, yanafika kila mahali kwa fujo. Mawimbi ya chini ni kama wakwe. Hayaji mchana, hayaji ukiwa hujajiandaa, na yakija hayakai. Jua likiwa juu anga linayameza. Yanapita palipo giza tu, na yana dakika chache za neema pale jua linapochomoza, ambapo sauti iliyokuwa mnong'ono inainuka ghafla, halafu inakatika kama mtu aliyekumbuka ana safari.

Aliyeniambukiza ni Mzee Were, mtu wa kwetu Busia, karani wa zamani wa simu za maandishi, aliyekuwa akigonga nukta na mistari ya Morse kabla baadhi ya wazazi wenu hawajazaliwa. Alikuwa na misemo miwili, na alikuwa akiitumia kwa kila hali, hata kwenye harusi. Wa kwanza: "Mdomo kila mtu yuko nao. Jenga sikio." Wa pili: "Simu ni ya kuambiana nani amekufa."

Huo wa kwanza ni fundisho la ufundi, kwa hiyo liandikeni mahali. Antena ya kutuma inataka kwenda juu. Antena ya kusikia, kwenye bendi ya chini, haitaki urefu wa kwenda juu, inataka kwenda mbali. Ni waya mrefu unaopita karibu na ardhi, umenyooka kama kamba ya mwashi, umeelekezwa kwa yule unayetaka kumsikia. Mwanzo wake unaingia kwenye redio yako. Mwisho wake unashuka ardhini kupitia rezista, kidude cha kupunguza umeme. Kelele zinazotoka pande nyingine unaziacha zipite kama mtu asiyekujua. Ukiupinda, Were alisema, utasikia kila mtu na hutamsikia mtu.

Katikati ya miaka ya tisini mkewe Were alifariki, na binti yake, muuguzi huko mashariki ya Kanada, akaja kumchukua. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Kifaa chake cha kugongea Morse alikuwa amekificha ndani ya soksi, na soksi ndani ya koti.

"Asubuhi jua likikuchungulia wewe," akaniambia, "mimi huko nitakuwa nataka kulala. Uniite hapo. Na usinipigie simu."

"Na nisipokupata?"

"Utakuwa umejenga vibaya."

Hilo ndilo likawa jambo langu kwa zaidi ya miaka kumi. Nilitaka kumpata Were hewani mara moja tu, yeye anisikie nami nimsikie, kabla hajafa. Sikuwa na jingine. Rosa anasema hata watoto walijua hivyo.

Tulinunua ploti Kitengela, ukingoni kabisa, wakati ambapo nyuma ya ua wetu hapakuwa na kitu ila mbuga, nyumbu, na upepo. Nilikuja na watu wengine wa mshahara, tukiamka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi gizani, tukiiona nyumba yetu mchana siku za Jumapili. Wenzangu walinunua huko kwa sababu palikuwa rahisi. Mimi nilinunua kwa sababu niliona uwazi mtupu upande wa kaskazini-magharibi, ambako ndiko iliko Kanada ukifuata mviringo wa dunia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa chumvi. Antena ya bendi ya chini inataka ardhi inayopitisha umeme, na msimu mzuri wa kusikiliza ni Desemba hadi Februari, wakati kule kwao ni baridi na kwetu ni kiangazi. Na kiangazi udongo mweusi wa Kitengela hupasuka mpaka unaweza kupoteza kiatu. Fimbo yangu ya shaba, ya kuunganisha waya na ardhi, ilikuwa imesimama kwenye ufa, haigusi chochote. Kitabu kilisema mwaga maji ya chumvi. Nikachimba pembeni ya fimbo, nikamwaga chumvi kwa ukarimu wa msomi. Asubuhi iliyofuata nilikuta shimo la kumzika ndama, fimbo imelala, waya umetafunwa, na ng'ombe wanne wakilamba kilichobaki kwa heshima zote.

Nyuma yao alisimama mwenye ng'ombe, mzee mrefu aliyevaa koti la suti juu ya shuka. Huyo alikuwa Mzee Tumpes, na mbuga yote niliyokuwa nikiitazama ilikuwa yake.

"Supa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Ni wewe umefungulia ng'ombe yangu hoteli?"

"Ni chumvi ya redio, Mzee."

"Redio inakula chumvi?"

"Udongo ndio unakula."

Alilitazama shimo, akanitazama mimi. "Miaka yote nanunulia ng'ombe magadi. Bado sijaona mtu ananunulia udongo." Halafu akacheka mpaka akashikilia ua wangu, na ua ukalegea, nao haukupona tena.

Ndivyo tulivyofahamiana. Baadaye nilipata ujasiri wa kumwomba nipitishe waya kwenye shamba lake. Nilimweleza kwa kirefu, kama ninavyowaeleza ninyi. Alisikiliza huku akichora ardhini kwa rungu.

"Inapita juu ya pembe ya ng'ombe?"

"Itapita juu."

"Na lazima inyooke? Haiwezi kuzunguka kidogo?"

"Lazima inyooke, Mzee."

"Huku kwetu kitu ya kunyooka inaletwa na savea akikuja kupima shamba." Akasimamisha rungu. "Unataka kusikia nani?"

"Mwalimu wangu. Yuko Kanada."

"Kuko na ng'ombe huko?"

"Wengi sana."

"Basi msikize."

Nilisimamisha fito za mkaratusi, kila moja na kipande cha mtungi wa mafuta ya kupikia juu yake ili waya usiguse mti. Msinunue vishikizo vya dukani. Mtungi uliokatwa vizuri unavumilia jua kuliko vingi vya kuagiza. Mwisho wa waya niliufunga kwenye mgunga mmoja mkubwa ambao Mzee aliuita oltepesi, na chini yake nikazika fimbo yangu, safari hii bila chumvi. Nilipima mwelekeo kwa dira mara nyingi hadi wachungaji wakaanza kuniiga, wakifunga jicho moja na kunyoosha mkono. Mzee Tumpes alisimama kwenye ufito wa kwanza, akatazama mstari wote mpaka kwenye mgunga.

"Imenyooka," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Januari ile nilimsikia Were.

Sitawadanganya kwamba nililia, ingawa Rosa anadai hivyo. Ilikuwa alfajiri, anga limeanza kuwa jeupe upande wa vilima vya Mua. Chini ya mvumo kama wa bahari na radi za Kongo kulikuwa na mlio mwembamba, na nikaujua mkono kabla sijazijua herufi. Kila mgongaji ana mkono wake, kama mwandiko. Were alikuwa akiuburuta mstari wa mwisho wa kila neno, kama mzee anayeinuka kitini. Alikuwa akiniita mimi. Nikamjibu. Akaniita tena. Nikamjibu kwa nguvu zote za mashine yangu. Akaniita mara nyingine, akasubiri, akaagana na hewa tupu, na jua likatoka.

Sikio lilikuwa limefanya kazi. Mdomo haukufika.

Misimu kadhaa ilipita hivyo. Kila Januari nilimsikia asubuhi mbili au tatu, akiniita kwa utulivu wa mtu anayebisha nyumba anayojua ina watu, nami nikipiga kelele ndani bila kufika mlangoni. Niliongeza mlingoti, ukavunjwa na upepo wa Julai. Nikaongeza mwingine. Nililaza waya za ardhini kila upande kama mizizi, nikizichimbia kwenye bustani, na sukuma wiki ya Rosa ikafa kwa ajili ya elimu. "Wengine wanaletewa wanawake wa nje," alimwambia dada yake mbele yangu. "Mimi nimeletewa waya." Mwaka mmoja nyumbu aliondoka na kipande cha waya wa kusikilizia shingoni, akielekea Isinya, na nadhani ndiye mnyama aliyewahi kusikia mbali kuliko wote.

Kati ya misimu hiyo Mzee Tumpes alifariki. Na hapa ndipo nataka msome polepole.

Alikuwa na wake wawili. Kwa Wamaasai nyumba za wake hupangwa kulia na kushoto kwa lango la boma, na mtoto hukua akijua yeye ni wa upande upi. Boma lenyewe lilipozeeka, mke mkubwa alihamia karibu na barabara, na mke mdogo karibu na korongo ambako maji hukaa baada ya mvua. Waya wangu ulipita katikati yao. Hakuna aliyepanga hivyo. Dunia ni mviringo na Kanada iko pale iliko.

Mzee hakuacha maneno yoyote juu ya ardhi. Mwanawe wa nyumba kubwa, Lemayian, na wa nyumba ndogo, Saruni, walikuwa wamekua pamoja, wakichunga pamoja, wakitahiriwa msimu mmoja. Walikuwa wakija kwangu Jumapili kusikiliza mpira kwa redio. Sasa kila mtu Kitengela alikuwa akiuza ardhi, na swali likawa mpaka uko wapi. Katika maisha yake yote Mzee Tumpes alikuwa ameruhusu kitu kimoja tu kilichonyooka kipite kwenye shamba lake. Lemayian akasema baba aligawa kwa waya. Upande wa waya wa barabarani, uliokuwa wa mama yake, ulikuwa mdogo, lakini ndio wanunuzi walioutaka. Saruni akasema waya ni wa redio tu, si mpaka.

Chifu aliniita. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki nje ya ofisi, na ndugu wawili walikaa kila mmoja mbali na mwenzake, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Wewe ndiye mwenye waya," chifu akasema. "Mzee alikuambia nini wakati unaweka?"

"Aliniuliza kama Kanada kuna ng'ombe."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na hilo likawafanya wacheke zaidi.

"Mwalimu," Lemayian akasema, maana waliniita mwalimu ingawa sikuwahi kufundisha, "tunakuheshimu. Lakini hebu ona. Waya inatoka kwako, inapita katikati ya mama yangu na mama yake, haigusi huyu, haigusi yule, inaisha kwa ile oltepesi baba alikuwa anapumzikia. Na unasema imeenda tu?"

"Imeelekea Kanada. Kwa mwalimu wangu."

"Sasa baba yetu alitugawanya sababu ya mtu wa Kanada?"

"Hakuwagawanya."

"Basi kwa nini haukupinda hata kidogo?"

Nilieleza. Naapa nilieleza. Nilieleza mviringo wa dunia, nikaeleza mwelekeo, nikaeleza kwa nini waya uliopinda unasikia kila mtu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo wa mtu aliyelipwa, na sikujua ni upande gani uliodhaniwa kunilipa. Saruni, niliyekuwa nikimsaidia, aliniangalia kama mtu anayemwona wakili wake amelewa. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Msomi akikosa jibu anaenda Kanada." Mpaka ukakubaliwa hapo hapo.

Niliomba niung'oe waya kabla savea hajaja. Lemayian akanijia nyumbani. "Ukitoa hiyo kitu, nitakupeleka korti. Hakuna mtu anang'oa mpaka." Jioni hiyo hiyo akaja Saruni. "Acha tu, mwalimu. Ukitoa watasema ni mimi nimekutuma." Ilikuwa mara ya mwisho kwa ndugu hao kukubaliana juu ya jambo. Sikuwa na mahali pengine pa kuupeleka, kwani kila upande mashamba yalikuwa yamekwisha kukatwakatwa. Waya ukabaki.

Lemayian aliuza upande wake. Saruni, akiogopa wanunuzi wangevuka, alipigilia seng'enge kwenye fito zangu zile zile, chini ya waya wangu, tangu ua wetu hadi kwenye mgunga. Vijana, mkumbuke hili hata mkisahau mengine: seng'enge ikishika kutu, kila kiungo chake kinakuwa redio mbovu. Inanguruma, inakoroma, inatafuna kila sauti inayopita karibu. Halafu zikajengwa nyumba za kupanga, zikaja taa za bei rahisi na chaja za simu, kila moja ikiimba wimbo wake kwenye bendi yangu. Wapangaji walikuwa watu kama mimi, waliotoka kwetu, wakitafuta mahali pa kulala. Ningemlaumu nani?

Na wakati huo huo, kwa ukatili ambao fizikia haina habari nao, mdomo wangu ukapona. Mlingoti wa tatu ulisimama. Mizizi chini ya bustani ilishika vizuri. Mtu wa Moscow alinisikia, mtu wa Brazili akanisikia. Waliniambia kwa kadi za posta, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwasikia.

Misimu miwili ya mwisho niliita kila alfajiri. Niliita jina la kituo cha Were, nikasikiliza seng'enge ikikoroma, nikaita tena. Sikujua kama nazungumza na mtu au na ua. Rosa alikuwa akiniletea chai, anaiweka, anasikiliza kidogo na kuondoka bila kusema lolote. Nilianza kumkumbuka Rosa wa sukuma wiki, aliyekuwa akinitukana.

Simu ilipolia nilikuwa nikichonga kipande cha mtungi. Ilikuwa simu ya mkononi ya Rosa, na binti yake Were alikuwa upande wa pili. Mnajua tayari alichosema. Were mwenyewe alishasema simu ni ya nini.

Alipomaliza habari za safari ya mwili na mazishi ya Busia, akasema, "Kuna kitu aliniachia nikuambie. Alikuwa anakusikia."

"Lini?"

"Mwaka jana na huu. Karibu kila usiku, kabla alale. Alikuwa anakujibu, mpaka vidole vikamkataa. Alisema, 'Mwambie mdomo ni mzuri sana. Mwambie ajenge sikio.'"

Baada ya mazishi, Saruni alikuja kunipa pole. Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wenye ardhi isiyouzika. Tulikaa nyuma ya nyumba, pale ng'ombe wa baba yake walipolamba chumvi.

"Pole, mwalimu. Nimeambiwa ni mwalimu wako amekufa."

"Ndiye."

"Yule alikuwa Kanada?"

"Huyo huyo."

Aliutazama waya juu ya seng'enge, akiufuata kwa macho hadi kwenye mgunga, na kupita hapo.

"Kwa hivyo ilikuwa ya kweli," akasema.

"Ilikuwa kweli."

"Kwa nini hukusema?" Kisha akakumbuka kwamba nilisema, akatikisa kichwa. "Hata hivyo, savea ameshapiga bikoni za mpaka."

Siku hizi pana ukuta wa mawe pale, mrefu, unaotenganisha nyumba za kupanga na shamba la Saruni. Mafundi waliojenga walishangaa jinsi mstari ulivyonyooka. Lemayian anaishi Kajiado mjini na hapiti huku. Mgunga ulikatwa kuni.

Mmeomba ushauri, nami ninao mmoja. Mkipata uwazi popote, kule mahali paitwapo Oltepesi kama mti ule, au Entarara, kokote ambako bado hakujafika ua, jengeni sikio refu. Tumieni mitungi ya mafuta. Msimwage chumvi. Na katikati ya safari yake, upindeni waya kidogo, upite upande huu wa kichaka badala ya ule, uonekane umewekwa na mtu asiye na haraka wala mpango. Mtapoteza kiasi cha sauti za mbali. Were angenikemea kwa kuwaambia hivyo. Upindeni tu.